Kilio Nilichokimeza Garland

Kila mnaponikamata baada ya ibada mnaniuliza habari za magauni. Magauni yalikuwa mazito, yalibana mbavu, na yalinuka jasho la watu waliotutangulia. Basi, nimewajibu. Mnauliza tena kama kweli tuliimba Kiitaliano bila kukijua. Tuliimba Kiitaliano, Kijerumani na hata Kicheki, na hakuna aliyewahi kurudisha tiketi yake. Ila hata mmoja wenu hajawahi kuniuliza habari za woga, na woga ndio ulikuwa kazi yenyewe. Nimeimba kwaya ya opera hapa Houston miaka mingi, na sikumbuki siku niliyopanda jukwaani bila kuogopa.

Kwa wale mliokuja juzi juzi, opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu wanaimba mwanzo mpaka mwisho, bila maikrofoni, mbele ya ukumbi mzima na okestra ya kutisha. Waimbaji wakuu wanakufa kwa mapenzi. Sisi wa kwaya ndio wanakijiji, ndio askari, ndio wageni wa harusi. Nilikuwa sauti ya pili, ile ile niliyoimba Machame tangu nikiwa msichana, nikifundishwa na Shangazi Aikande. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kuondoka duniani, na baadaye ndiye aliyenipokea kwake Garland, kule juu karibu na Dallas, nilipoingia nchi hii na sanduku moja na baridi tele. Kwa hiyo nikisema Shangazi, elewa nasema mama.

Jirani yangu kwenye mstari aliitwa Lupe, mwanamke wa Kimeksiko mwenye kifua kipana na maneno makali. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Usipumue pale anapopumua jirani yako, alisema, mpokezane, ili msikilizaji adhani kwaya haina mapafu. Usisafishe koo kwa kukohoa, meza mate. Kwenye mazoezi usitoe sauti yote, imba nusu, sauti si maji ya bomba. Na ukisimama mahali usipojisikia, usipige kelele ili ujisikie. Sikiliza mifupa ya uso wako, ikitetemeka jua unaimba.

Hilo la mwisho nililipuuza, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwaka ule wa mafuriko, 2017, ukumbi wetu uliingia maji, na kampuni ikatuhamishia kwenye jumba kubwa la maonyesho ya biashara, likageuzwa ukumbi kwa mapazia na mbao. Okestra ilikaa nyuma yetu badala ya mbele. Paa lilikuwa juu mno na lilimeza kila kitu. Unatoa sauti, hairudi. Mimi mwoga nikaingiwa na hofu kwamba sisikiki, nikaanza kusukuma. Jioni baada ya jioni nasukuma. Na nyumbani kwetu Sharpstown zulia lilikuwa bado linanuka unyevu, nikawa na kikohozi kisichokwisha.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niseme nini, wanangu? Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Kila majira ya kuchipua unasimama tena mbele ya mwalimu wa kwaya na wenzake, unaimba peke yako, wanakuangalia kama wanunuzi wa ng'ombe. Nilikuwa nimeshapita hamsini. Nyuma yangu kulikuwa na wasichana wametoka vyuoni, koo zao mpya kabisa. Koo likakwaruza, nikanyamaza, nikanywa tangawizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku ya kuumbuka ilikuwa katikati ya mazoezi, mapema mwaka uliofuata. Wala haikuwa sehemu ngumu. Nilifungua mdomo kwenye noti niliyoimba mara elfu, nikasikia kitu kimeachia kooni, hakikuuma hata kidogo, na sauti haikuwepo. Nikajaribu tena. Hewa tupu. Lupe aliendelea kuimba huku ameninyooshea mkono wa pembeni akanishika kiuno, na ninavyomjua, alijua kabla yangu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatutazama. Nikafanya tunachofanya wote tukibanwa, nikachezesha midomo mpaka mwisho wa wimbo.

Daktari wa koo aliniingiza mrija mwembamba puani wenye kamera, akanionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye skrini. Moja ilikuwa nyeupe, kama inavyotakiwa. Ya pili ilikuwa nyekundu kama nyama buchani. Mshipa mdogo umepasuka, akasema, damu imevilia ndani. Ukinyamaza kabisa itanyonywa yenyewe. Ukiilazimisha itabaki kovu, na mwenye kovu pale haimbi tena.

Nesi wake alikuwa Mkenya, Kwamboka, mama wa makamo mwenye mkono mwepesi. Aliniona nimeanza kumnong'oneza daktari, akaniwekea kidole mdomoni kabisa.

"Mum, wacha. Kunong'ona ndio mbaya zaidi. Hata kucheka kwa sauti, hapana. Andika kwa simu."

Nikaandika: na kulia?

Daktari akatabasamu. Machozi hayana shida, akasema, lia utakavyo. Yule kijana wa watu alijua kulia ni machozi. Kwao mtu analia akiwa ameketi, na kitambaa cha karatasi mkononi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwenye simu kwamba kwetu kulia ni kitu kingine.

Nikaingia kwenye kimya. Vijana, sijui kama mnaweza kuelewa hofu ile. Si kuogopa jambo moja, ni kuogopa kila kitu. Niliogopa chafya. Niliogopa kuweweseka usingizini, nikawa nalala nimefunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini kama maiti. Niliogopa mende wa Texas, maana mnawajua, wanaruka, na mimi nikimwona mende napiga yowe. Baba Furaha, mume wangu, aliweka sumu nyumba nzima, akazunguka kila kona na tochi. Halafu akawa anawaambia wenzake kazini kwamba amepata raha ya ndoa aliyokuwa akiisikia kwa watu. Nilimtupia kijiko.

"Hata hilo tusi nimelisikia," akasema.

Lakini nilimwona mzaha ulipokwisha. Alikuwa akinitazama kooni wakati nikinywa maji.

Nikiwa mle ndani ya kimya changu ndipo Shangazi alipougua. Moyo ulikuwa umechoka. Neema, mwanaye wa pekee, mdogo wangu niliyembeba mgongoni Machame, alinipigia kutoka hospitali na kunisomea sheria za daktari wa mama yake, nami nikimjibu kwa kugonga simu na kucha. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ningeweza kwenda, lakini niliogopa. Niliogopa nitamwona kitandani nitamwita. Mtu humwita mama yake bila kujua amemwita. Nikajiambia nitaenda wiki ijayo, koo likitulia.

Siku moja mchana Neema akamwekea simu sikioni.

"Eli mwanangu," Shangazi akasema. Sauti ilikuwa imepungua ila ukali upo. "Nimeambiwa yote. Usithubutu kunijibu. Ukinijibu nakuja huko huko Sharpstown nakuchapa."

Nikagonga mara moja.

"Umekula?"

Nikagonga.

"Mwongo. Mume wako anajua kupika nini?" Akahema. Nikasikia mashine zake. "Unaogopa?"

Nikagonga mara moja.

"Hata mimi," akasema.

Ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Alfajiri ya pili yake Neema alipiga akilia tu, na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili, nimefungua mdomo, namsikiliza.

Sasa hapa nipumzike kidogo niwaambie kitu cha kazi, kwa sababu bila hicho hamtaelewa kilichonitokea. Kilio cha kwetu, kile cha kuanzia getini, kinaua koo kuliko wimbo wowote. Mwimbaji anafungua koo taratibu, pumzi ikitangulia. Mwenye msiba anafunga koo kwa nguvu zote, pumzi inajaa nyuma, kisha anaipasua. Nyuzi mbili zinagongana. Sauti nzima inavumilia. Iliyovuja damu haivumilii. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha gari, khanga mbili magotini, Baba Furaha akiendesha kuelekea kaskazini, na kila kibao cha Dallas kikipita nilihisi napelekwa kuchinjwa.

Njiani lori lilitukatia mbele bila taa. Baba Furaha alikanyaga breki, gari likayumba, na yowe likanijia mpaka kwenye meno. Nililiuma. Nililiuma kweli, khanga mdomoni, mpaka kitambaa kikatoboka. Gari liliponyooka, mume wangu hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Limetoka?" Nikatikisa kichwa. Akafuta uso kwa kiganja, akaendelea kuendesha.

Mnazijua nyumba zetu za msiba hapa. Gereji imefunguliwa, wanaume kwenye viti vya kukunja, makoti yamefungwa hadi shingoni. Ndani kochi limesukumwa ukutani, wanawake wameketi chini kwenye mikeka, masufuria ya chai ya maziwa jikoni, watoto wamejazana chumba cha juu na simu zao. Na mnajua utaratibu. Mtu wa karibu anayetoka mbali haingii kimya. Anaanza kulia akishuka kwenye gari, waliomo ndani wanamsikia, wanasimama, wanampokea kwa kilio, msiba unaanza upya. Mtoto wa marehemu anamsubiri huyo. Kwa siku nzima Neema alikuwa akiwaambia watu, dada yuko njiani, dada anakuja.

Nikashuka. Nikatembea kupita gereji. Viatu vyangu vilisikika kwenye saruji, na hilo tu ndilo lililosikika. Wanaume wakasimama wakisubiri, kisha wakatazamana. Baba Furaha nyuma yangu akaanza kueleza: "Anaumwa koo jamani, daktari amemkataza..." Nilifika mlangoni kilio hakijatoka, na wanawake mikekani walioshika vifua tayari kunijibu wakabaki wameshika vifua.

"Koo?" mama mmoja mzee akasema, wala hakupunguza sauti. "Kufiwa nako ni kwa koo?"

"Si ndiye yule anaimbia Wazungu?"

"Ndiye. Marehemu kamlea tangu yuko hivi."

Neema alitoka chumbani. Alinirukia shingoni na kunibana, na akalia sikioni mwangu kile kilio chenyewe, cha kwetu, na akawa anasubiri. Nilihisi anasubiri. Mwili wake ulikuwa unanyamaza kidogo kila baada ya kwikwi, unanipa nafasi.

Wanangu, mwili haujui mkataba. Kilio kilipanda chenyewe kutoka tumboni, na koo likaanza kujifunga. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote ya maisha yangu. Kama kikitoka, nimekwisha. Kama kisipotoka, mimi ni mtu gani? Nikafanya kitu pekee nilichokijua: nikapiga mwayo. Nikaangusha taya, nikainua kaakaa juu, nikaacha hewa ipite wazi kama mtu anayepuliza miwani kuisafisha. Pumzi ilitoka yote bila kugusa nyuzi. Ikaingia, ikatoka tena. Nilikuwa nalia, machozi yanamwagika hadi kifuani, mdomo umeachama wote, na hakuna sauti. Kuna kitoto kilikuwa kimekaa kwenye ngazi, kikaniona, kikakimbilia juu kikipiga kelele.

Neema akajitoa mikononi mwangu akanitazama huo mdomo.

"Najua daktari amesema," akasema. "Najua yote. Lakini dada, ni mama. Ni mama! Moja tu. Nililie mara moja tu nisiwe peke yangu."

Nikatikisa kichwa.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe hata mama hakufikia thamani ya hiyo sauti yako."

Akaenda kukaa upande wa pili wa chumba. Sikumfuata. Sikuwa na cha kumfuatia, hata pole sikuwa nayo. Nilikaa pale mkekani msiba mzima, watu wanaimba nyimbo za kwetu, sauti ya pili ikiwa imetoboka katikati kwa sababu mwenyewe nimekaa sina sauti, na nikajichukia, na bado niliogopa kiasi cha kutodiriki hata kuguna. Siku ya kuaga Neema alipita mbele yangu na jeneza bila kunigusa. Alisafiri nalo mpaka Machame na hakunipigia akifika. Hakunipigia akirudi.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia nilifanya uamuzi wa kishujaa. Ushujaa gani? Nilikuwa naogopa tu. Nyumbani niliwaza: je, kama kovu limekuwepo tangu mwanzo? Kama sauti ilishakufa siku ile ya mazoezi, na nikamnyima Neema bure? Wazo hilo lilinikaba zaidi ya mengine yote. Lupe alikuja kunitembelea na supu, akakaa nyuma yangu. Alinisukia nywele tu. Vibaya sana.

Niliendelea kuimba miaka miwili baada ya hapo, ili msikae roho juu. Niliacha 2020, kumbi zilipofungwa na watu wakaambiwa kuimba pamoja kunaua. Siku hiyo wenzangu walilia kwa hofu, na mimi nilishangaa kwamba nilikuwa mtulivu. Ila siku ninayotaka mwondoke nayo si hiyo. Ni ile niliyorudi kwa daktari wa koo, wiki kadhaa baada ya mazishi.

Nilikaa kwenye kiti kile kile. Mrija ukaingia puani. Kwamboka alikuwa amesimama begani kwangu. Nilifumba macho nisione skrini, kwa sababu nilijua katika sekunde chache nitajua kama nina sauti au sina, na sikutaka kujua. Mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania kiti.

"Sema iii," daktari akasema. "Taratibu. Kidogo tu."

Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Nikaweka noti ndogo, ya chini, katikati ya koo, nikaiachia.

Haikuwa iii. Sijui nilikuwa nimeiweka wapi siku zote hizo, lakini kilitoka kilio cha Shangazi, kizima, cha kuanzia getini. Kilijaza kile chumba. Daktari alichomoa mrija akaruka nyuma, mlango ukafunguka, mtu akauliza kama kuna ajali. Nilikuwa nikiita. "Mama! Mama wee! Umeniacha na nani!" Nilijisikia naita na sikuweza kuacha.

"Mwache, daktari," Kwamboka akasema kwa Kiingereza. "Hana maumivu. Amefiwa." Kisha akaniinamia, akanishika uso. "Pole, mum. Pole sana. Ni nani?"

Sikuweza kumjibu. Akachukua mkoba wangu, akatoa simu, akanishikia mbele ya macho. Nikamwonyesha jina la Neema kwa kidole. Akapiga, akaniwekea sikioni.

Neema alipokea lakini hakusema haloo. Nilimlilia. Nililia kwa kila kitu nilichokuwa nacho, na upande wake kulikuwa kimya, nikadhani amekata. Halafu nikamsikia amevuta pumzi, na akanijibu, kilio chake kikaingia pale changu kilipoishia, na changu kikapokea pale chake kilipochoka.

Daktari alikuwa amegeukia skrini, anaangalia picha ya mwisho iliyobaki pale, nyuzi mbili nyeupe. Aliniinulia kidole gumba, akaanza kunieleza. Nilimpungia mkono anyamaze.